Kanda Kumi na Moja za Kingori

Wacha nianze na mtu mwenyewe, kwa sababu nikianza na hasira sitafika mwisho.

Kingori ni wa Kangema, kule majani chai huanzia mlangoni pa jikoni. Mama yake alichuma chai ya wenyewe mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Mwaka wa tisini na sita alikuja huku Nyeri, kijana aliyepita mtihani vizuri na kukosa karo ya kuendelea, akaajiriwa kupanga mafaili ya wagonjwa katika hospitali yetu ya misheni. Hospitali yenyewe sitaitaja jina, maana bado ndiyo inayonilisha. Jua tu kwamba iko juu kidogo ya barabara ya kutoka Karatina, na asubuhi mawingu yakiondoka tunauona mlima kupitia dirisha la eksirei. Hapo eksirei ndipo ninapofanya kazi mimi, Nduta, na huu ni mwaka wangu wa kumi na tisa.

Nilimjua Kingori mwezi wangu wa kwanza. Siku hizo picha za eksirei zilikuwa za plastiki nyeusi, tukiziweka ndani ya bahasha kubwa za kaki. Mvua ya Aprili ikatoboa paa la stoo, bahasha zikalowa, na msimamizi wa wakati ule akasema zote zitupwe. Nikipita nyuma ya chumba cha dobi nikaona mbavu za watu na magoti ya watu yakining'inia kwenye kamba, katikati ya mashuka ya wodi, na bwana mmoja mrefu aliyekunja mikono ya shati akiendelea kuanika. Alikuwa amezisuuza moja moja kwa maji safi. Nikamwuliza kwa nini anajisumbua.

"Huyu mtu akirudi tena na kifua," akaniambia, "daktari ataangalia nini? Ataangalia uso yake?"

Huyo ndiye Kingori. Si mtu wa maneno mengi, na akisema jambo mara moja anadhani watu wamesikia. Hapo ndipo anapokosea.

Picha zilipohamia kwenye kompyuta, wenzake wa mafaili walilia kwamba kazi imeisha. Yeye alinunua daftari, akajifunza. Akasoma usiku na mchana mpaka vijana wenye diploma wakawa wanamwuliza maswali. Na miaka miwili iliyopita, hospitali iliponunua mashine ya kuhifadhi picha kwenye kanda, yeye ndiye aliyekabidhiwa.

Watu wakisikia tepu wanacheka, wanafikiria kaseti za nyimbo za kikristo. Hizi ni kanda za kompyuta. Moja ni mraba, unaishika kwa kiganja kimoja, na inabeba picha za miezi kadhaa. Ukishaitoa kwenye mashine inakaa rafuni bila kula stima, na virusi au umeme unaopandapanda hauwezi kuifikia. Mwaka jana diski moja kubwa ilipokufa, mzee mmoja wa Chaka anayeitwa Gicheru alikuwa amelazwa akingojea kupasuliwa pafu, kwa sababu kulikuwa na doa. Kingori akaenda rafuni, akatoa kanda, na kufikia saa sita mchana daktari alikuwa na picha ya Gicheru ya miaka minne nyuma. Doa lilikuwepo, ukubwa ule ule. Mzee akavaa koti lake akarudi Chaka kwa kondoo zake.

Sasa nieleze kazi kidogo, na usinikimbie, maana ndiyo kesi yenyewe.

Boksi la kanda lina namba mbili. Ya kwanza ni terabaiti sita. Ya pili, iliyoandikwa kwa herufi kubwa na rangi ya kuvutia, ni kumi na tano. Sita ndiyo nafasi ya kweli. Kumi na tano ni maneno ya muuzaji: ati kama unachoweka kinaweza kubanwa, mashine itakibana na vitaingia vingi zaidi. Maandishi hubanika vizuri. Lakini picha zetu hutoka eksirei zikiwa zimebanwa tayari, na kitu kilichobanwa hakibanwi mara ya pili. Sukuma wiki ikishanywea kwenye sufuria, hata ukoke moto namna gani hainywei tena. Kwa hiyo mtu mwenye akili anatarajia sita, na akipata tano na nusu na kitu anashukuru Mungu.

Jambo la pili, mashine hiyo haipendi kungojeshwa. Inafanana na kinu cha posho: ukimwaga mahindi kwa mfululizo kinasaga, ukitia punje mojamoja kinajisaga chenyewe. Picha zikiletwa polepole, kanda inakimbia, inasimama, inarudi nyuma kutafuta ilipoishia, inaanza upya. Inachoka nayo mashine inachoka. Kingori alikuwa akikusanya picha za kujaza kanda nzima kwenye diski moja yenye mbio, kuanzia Ijumaa, halafu Jumamosi asubuhi anazimwaga kwa mpigo mmoja. Kanda ilijaa kwa saa sita. Mwezi wa Julai, baridi ikituzidi, alizitoa kanda mpya stoo siku moja kabla, akazilaza chumbani zizoee joto. Kanda ya kusafishia mashine hakuigusa mpaka taa iombe, kwa sababu ile kanda inasugua, na kinachosugua kila siku kinakula. Yote haya aliyaandika katika daftari lake: kanda ya ngapi, imebeba kiasi gani, imechukua saa ngapi.

Na kanda zilijaa vizuri. Tano nukta nane. Tano nukta tisa. Mpaka siku ya kitambaa.

Kama wewe ni wa huku, sina haja ya kukueleza vitambaa. Nyumba ya Mkikuyu bila vitambaa ni nyumba ambayo mwenyewe hajaamua kukaa. Kochi liko na vitambaa, meza iko na kitambaa, redio iko na kitambaa, na televisheni hufunuliwa wakati wa habari kisha hufunikwa tena. Kwangu mpaka mtungi wa maji uko na chake. Mama akikufumia kitambaa amekupa miezi ya macho yake, na siku akikutembelea, jambo la kwanza ataangalia kama kipo. Kwa hiyo hospitali ilipofungua chumba cha seva, na pasta akaja kukiombea, kina mama wa kanisa walikuja wakiimba, na vitambaa mikononi. Cha printa kilikuwa cheupe. Cha mashine ya kanda kilikuwa chekundu, kizito, cha uzi wa sweta, kimefumwa kwa kipimo kamili, kikiteremka mbele mpaka chini kama sketi. Alikifuma Cucu Phyllis mwenyewe, nyanya wa wote na kiongozi wa kina mama, mwanamke wa miaka themanini na moja. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sikatai.

Jumatatu iliyofuata Kingori akakitoa, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kabati. Akamweleza msimamizi wetu, Bwana Moffat, kwamba mashine inavuta hewa kwa mbele, na uzi ule unatoa manyoya.

Bwana Moffat ni mtu wa suti na salamu nzuri. Alikiangalia kitambaa pale juu ya kabati kana kwamba ameona bendera chini.

"Kingori, hiyo ni zawadi ya kina mama," akasema. "Unajua ni wao wanatuwekea paa ya maternity. Sasa Cucu Phyllis akikuja hapa apate tumetupa kitambaa yake, utamwambia nini?"

"Nitamwambia mashine inataka hewa."

"Rudisha."

Akarudisha. Wiki iliyofuata akakitoa tena, akaandika barua. Barua ikajibiwa kwa kitambaa kurudishwa. Barua nne aliandika, kwa Kiingereza kizuri chenye tarehe, na baada ya ile ya nne yeye ndiye aliyepata barua: onyo la kukosa heshima kwa wahisani wa hospitali. Nilimwambia akipeleke kile kitambaa kwake nyumbani kwa siri. Akakataa, akasema akikutwa nacho ataitwa mwizi. Tulicheka siku hiyo.

Mashine ikaanza kuugua. Manyoya mekundu yalivutwa ndani kidogo kidogo, yakakaa kwenye feni, mengine yakafika mpaka kwenye kile kichwa kinachoandika. Na mashine hii ni mwaminifu kuliko watu wengi ninaowajua: inapoandika, papo hapo inasoma ilichoandika, na ikikuta hakisomeki inakiandika upya mbele kidogo. Kila kurudia ni nafasi imeliwa. Daftari likawa linashuka. Tano nukta moja. Nne nukta sita. Mwisho tatu nukta tisa, kwa saa kumi na moja, na taa ya kuomba kusafishwa inawaka kwa kila kanda. Kanda zikawa zinaisha haraka. Kingori akaagiza nyingine, kwa sababu picha za watu hazingoji.

Mwezi wa Agosti Bwana Moffat akakaa na kikokotoo. Akachukua jumla ya picha zetu, terabaiti tisini hivi, akagawanya kwa kumi na tano ya boksi, akapata kanda sita. Akaangalia Kingori ameagiza ngapi, akaona kumi na saba. Kumi na saba toa sita ni kumi na moja.

Chumba cha seva kiko hatua thelathini kutoka ofisi yake. Nimezihesabu. Angetembea, angezikuta kanda kumi na saba rafuni zimesimama kwa mstari, kila moja na lebo yake. Hakutembea.

Sisi kila asubuhi saa mbili kasorobo tunakusanyika ukumbini kwa maombi: madaktari, wauguzi, wapishi, wafagiaji, watu wa bustani, kama mia moja na ishirini. Pasta anasoma neno, tunaimba, msimamizi anatoa matangazo. Alhamisi hiyo Bwana Moffat akatangaza habari ya chanjo, akatangaza habari ya maji, halafu akasema, kwa sauti ile ile ya maji, kwamba kanda kumi na moja za hospitali hazijulikani zilipo, na kwamba Bwana Kingori, aliyeaminiwa nazo, amepewa siku saba kueleza, ama aache kazi. Akaomba tumwombee.

Tumwombee. Niligeuka nikamtazama Kingori, na alikuwa ameshika kitabu cha nyimbo mkononi, hajui akifunge ama akiache wazi. Karibu miaka thelathini mtu yuko hapa. Hajawahi kuchukua hata kalamu.

Nilimfuata Bwana Moffat koridoni, bila kuitwa.

"Kanda ziko rafuni," nikamwambia. "Twende uzione."

Sasa akaja, maana wauguzi walikuwa wanatazama. Akahesabu. Kumi na saba. Unadhani aliomba msamaha? Mtu akishakuita mwizi, ukimwonyesha kitu hakijaibwa, anakutafutia wizi mwingine. Akaangalia daftari la Kingori, daftari ambalo Kingori mwenyewe alimpa, akaona tatu nukta tisa, nne nukta sita.

"Kumbe hujazi tepu," akasema. "Unaziacha nusu ndio uagize zingine. Huyo anatuuzia anakupatia nini?"

Kingori akamjibu, "Niliandika barua nne."

"Hiyo ya kitambaa? Kingori, wee ni mtu mzima. Usiniambie kitambaa inakula tepu."

Maneno hayabaki ukumbini. Jumamosi hiyo Wangechi, mkewe Kingori, alikuwa soko la Karatina na viazi vyake pale pale anapokaa siku zote, na mwanamke mmoja ambaye humnunulia kila wiki akamwuliza, akicheka, kama mzee bado anauza kaseti. Wangechi alifunga gunia saa nne asubuhi akaenda nyumbani. Kanisani Jumapili Kingori ndiye hubeba kikapu cha sadaka upande wa kushoto, na alipopita, mtu aliyekuwa mwisho wa benchi hakumrudishia kikapu, alikishika kwa mikono miwili mpaka akaja mwingine kukichukua. Kwetu watu wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanasema hivyo wakiwa wametulia kabisa, na mtu anakufa hapo mbele yao.

Kazi anaweza kupata nyingine, aliniambia hivyo mwenyewe, tukinywa chai nyuma ya jikoni. "Hata shamba iko Kangema. Lakini nitaenda na jina gani, Nduta? Mama yangu ako hai."

Nilimwongezea chai.

Jumanne ikaja fundi wa mashine kutoka Nanyuki. Kingori alikuwa amemwita tangu Julai kwa sababu ya ile taa, na zamu ilikuwa imefika. Anaitwa Rowda, msichana wa Kisomali, mfupi, na begi la vyuma linalomzidi. Bwana Moffat alikuja kusimama mlangoni, maana alitaka kusikia kutoka kwa mtaalamu. Mimi nilikuja kwa sababu nilitaka, nikaacha mgonjwa wa goti na mwenzangu.

Rowda alisimama mbele ya mashine akaitazama.

"Ni nani alivalisha hii mashine sweta?" akauliza.

Akakitoa kitambaa, akafungua skrubu, akavuta mashine nje, akaifungua. Akachukua kibanio kidogo na kuanza kutoa manyoya mekundu, akiyaweka juu ya karatasi nyeupe. Yakajaa kama pamba ya kuziba sikio, halafu yakazidi. Kichwa cha kuandikia alikifuta kwa kitu kilichokwenda cheupe kikarudi na wekundu.

"Hii imekuwa ikiandika kitu moja mara mbili, mara tatu," akasema, akitazama daftari la Kingori. "Mimi nashangaa mmekuwa mnapata hata hiyo tatu nukta tisa. Mwenye anaishika ni mtu mwangalifu sana. Hakuna mtu alisema hii kitambaa itolewe?"

Mimi ndiye niliyesema, "Barua nne."

Kisha Bwana Moffat akauliza habari ya kumi na tano ya boksi, na yule msichana akamweleza kwa dakika mbili jambo ambalo Kingori alimweleza kwa mwaka mzima: kwamba picha zimebanwa tayari, kwamba sita ndiyo sita. Na Bwana Moffat akatikisa kichwa akisema, "Aah, kumbe. Aah, nimeelewa." Nabii hakubaliki kwao, hiyo niliisoma Sunday school, lakini sikuwahi kuiona ikivaa suti.

Rowda akaondoka. Kingori akatia kanda mpya Jumatano asubuhi, akaimwagia picha kwa mpigo mmoja. Tano nukta nane. Kwa saa tano na dakika arobaini. Akaandika katika daftari, akapiga mstari chini.

Mimi nilidhani yameisha. Alhamisi, siku ya saba, nilienda maombini nimevaa vizuri. Bwana Moffat akatangaza habari ya taulo zinazopotea wodini, akatangaza mgeni wa wizara, akakaa chini. Saa nne katibu wake akaleta bahasha kwa Kingori. Ndani, mistari miwili: baada ya uchunguzi, suala la kanda limefungwa, tafadhali tia sahihi.

Alimchafua mbele ya watu mia na ishirini, akamsafisha ndani ya bahasha.

Kingori alisimama akaenda ofisini kwa Bwana Moffat, na mimi nyuma. Akaiweka ile barua mezani bila sahihi.

"Isomwe ukumbini," akasema.

Bwana Moffat akafunga mlango. Akaanza kuongea polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto asilie mbele ya wageni. Akasema anaelewa. Akasema yeye binafsi hana shida. Lakini yeye akisimama ukumbini kuisoma, akasema, watu watauliza ni nini kiliharibu mashine, naye atasema kitambaa, na kitambaa ni ya Cucu Phyllis. "Yule ni mama mzee. Ataumia. Kina mama wote wataumia. Na paa ya maternity bado haijaisha. Kingori, wewe ni mtu wa kanisa, si unaweza kubeba hii kidogo?"

Kidogo. Wangechi hajarudi sokoni, na huyu anaita kidogo. Nilitaka kusema maneno ambayo ningeyajutia, na Kingori akanigusa mkono.

"Isomwe ukumbini," akarudia, na akatoka. Barua ikabaki mezani. Kesho yake katibu akaileta tena, Kingori akairudisha tena.

Sasa nitakwambia nilichofanya, na Kingori hakujua, angejua angenikataza. Jumamosi nilienda kwa Cucu Phyllis. Anakaa nyuma ya soko la Karatina, nyumba ya mawe yenye maua ya kopo mlangoni. Nilimkuta kwenye kiti, sindano mkononi, anafuma kitu cha kijani. Nilimsalimia, nikapewa uji, nikaanza kuzungukazunguka nikitafuta pa kuingilia. Nilikuwa ninaogopa. Mwaka mzima tumeambiwa huyu mama akisikia ataumia, mpaka na mimi niliamini.

"Nduta," akasema, "uji inapoa. Sema kitu imekuleta."

Nikasema yote. Manyoya, barua nne, siku saba, maombi, soko, kikapu cha sadaka, bahasha. Aliacha kufuma katikati. Nilipofika mwisho alikuwa ananitazama kwa macho makavu.

"Nani alisema nitakasirika?"

"Wote, Cucu. Msimamizi, kamati ya hospitali, pasta pia."

"Na ni nani alikuja kuniuliza?"

"Hakuna mtu."

Aliweka ufumaji wake kando. Halafu akaniuliza maombi ya Jumatatu huanza saa ngapi.

Alikuja na fimbo yake, saa mbili kasoro ishirini, amevaa sare ya kina mama, nyeupe na leso ya bluu. Bwana Moffat alikimbia kumletea kiti cha mbele. Hakukaa. Pasta alisoma neno, tuliimba, na kabla msimamizi hajainuka kwa matangazo Cucu Phyllis alipiga fimbo chini mara moja.

"Mimi niko na tangazo," akasema.

Aliongea kwa Kiswahili, ili hata watu wa bustani wanaotoka Turkana wasikie. Alisema kitambaa chekundu kilikuwa chake. Alisema yeye alifunika mashine kama anavyofunika redio, kwa kupenda, kwa sababu hakujua inapumua. Alisema angeambiwa siku ya pili, angekuja kukichukua na kukitandika kitandani.

"Kingori alijua, akaandika barua nne," akasema. "Mkazificha. Mkaona ni afadhali mtu aitwe mwizi kuliko mwanamke mzee aambiwe amekosea. Mimi nimezika bwana na watoto wawili. Mlifikiria kitambaa ndio itaniua? Mmetumia jina yangu kumfunga mtu mdomo, na hamkuniuliza hata siku moja."

Akakaa. Wauguzi wawili walikuwa wanalia. Bwana Moffat alikuwa anatazama viatu vyake, na pasta, maskini, akainua kitabu haraka haraka akataja namba ya wimbo wa kumalizia.

"Bado, pasta," Kingori akasema.

Hakupaza sauti. Alikuwa katikati ya mstari wa tatu, mikono nyuma. Sikuwahi kumwona akimkatiza mtu.

"Bwana Moffat," akasema, "wewe ndio ulinitaja hapa."

Bwana Moffat akasimama. Akafunga kifungo cha koti, akakifungua. Akasema hospitali inasikitika, na kwamba katika jambo hili, kwa bahati mbaya, kulifanyika makosa.

"Ya nani?" Kingori akauliza.

Bwana Moffat akamtazama pasta. Pasta akatazama kitabu. Akamtazama Cucu Phyllis, na huyo alikuwa anamngojea kama sisi wengine wote. Nikahesabu moyoni mpaka tisa.

"Yangu," akasema.

"Asante," Kingori akasema, na tukaimba.